Vinasa Migongoni mwa Narwali

Risasi ya kwanza ilipita juu ya kofia yake. Ya pili ilipasua kioo cha mbele.

Tukummeq aliinama hadi kidevu kikagusa usukani, akaminya mafuta mpaka mwisho. Ile pikipiki ya theluji, Polaris nyekundu, iliruka juu ya tuta la barafu, ikaning'inia hewani, ikatua kwa kishindo kilichomgonganisha meno. Alipapasa nyuma kwa mkono mmoja. Sanduku la njano lilikuwa bado lipo, limekazwa kwa kamba za ngozi ya sili.

Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

Asubuhi hiyo redio ya kijiji cha Savissivik ilikuwa imetangaza, baada ya taarifa za upepo na salamu za siku za kuzaliwa: "Shangazi Bolette ameoka keki. Anamwomba mpwa wake aje kabla haijaungua." Watu walicheka. Shangazi gani huyo wa kualika watu redioni? Tukummeq hakucheka. Alimaliza kahawa yake, akavaa suruali ya ngozi ya dubu, akatoka.

Kijijini walimjua kama mpimaji wa barafu wa serikali. Kule Nuuk, mji mkuu, nyuma ya mlango usio na kibao, walimjua kama jasusi wa Idara. Bolette alikuwa mkuu wake. Keki ni sanduku. Kuungua maana yake ni kwamba sanduku linaondoka leo.

Akaliiba mchana kweupe, kutoka kwenye hema la Daktari Hartog, mtafiti wa bahari, wakati wenyewe wanakula.

Sasa walikuwa nyuma yake. Pikipiki moja ya theluji, watu wawili. Hartog alikaa nyuma na bunduki. Aliyeendesha ni Ussaqaq, mwindaji mzuri kuliko wote wa pwani ile, na bunduki iliyokuwa ikipigwa ilikuwa yake.

Redio kifuani mwa Tukummeq ikakoroma.

"Mama! Simama!"

"Mwambie bosi wako aache kunipiga risasi, ndipo nisimame."

"Nimemwambia! Hasikii huyu! Mama, kwa nini unaiba vitu vya watu? Unanitia aibu!"

"Endesha taratibu, mwanangu. Utaanguka."

"Usinifundishe kuendesha mimi!"

Ussaqaq alikuwa na mvi. Tukummeq alikuwa hajafika miaka arobaini. Lakini mama mzazi wa Ussaqaq alipofariki, mtoto wa kwanza kuzaliwa katika ukoo alipewa jina lake, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa anakimbia na sanduku. Tangu Tukummeq yuko kwenye nepi, Ussaqaq amemwita Mama, amemletea kipande cha kwanza cha kila windo, amemnunulia viatu. Huko kwao jina halirudi peke yake. Linarudi na mtu wake.

"Mama, simama!" Sauti ilibadilika ghafla. "Sitanii! Barafu imekatika mbele yako!"

Akaiona.

Mstari mweusi. Upepo uliokuwa ukishuka kutoka kwenye mto wa barafu tangu alfajiri ulikuwa umeing'oa barafu ya bahari kutoka ufukweni. Mstari ulikuwa unapanuka huku akiutazama.

Alibana breki. Polaris haikusimama, iliteleza. Akachomoa kisu, akakata kamba kwa pigo moja, akakumbatia sanduku, akajirusha pembeni.

Pikipiki ilitumbukia na kuzama taa zikiwa bado zinawaka. Bunduki yake ilikwenda nayo. Hata redio ilimchomoka kifuani, ikaserereka juu ya barafu, ikazama.

Tukummeq alilala kifudifudi, pua yake karibu na maji. Ng'ambo, milima ya Savissivik ilionekana karibu kama ukuta wa jirani. Lakini kati yake na milima ile kulikuwa na bahari, na bahari ilikuwa inaongezeka.

Hakuna pa kupita.

Aligeuka. Hartog alikuwa amesimama juu yake, mtutu wa ile bunduki ukimwangalia machoni.

"Sanduku," alisema kwa Kidenishi. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu safi, na sauti ya mtu aliyezoea kufundisha darasani. "Lisukume kwangu. Polepole."

Akalisukuma.

"Umemrushia mama yangu risasi!" Ussaqaq alikuwa ameshuka, ngumi zimekunjwa. "Ulisema unatisha tu!"

"Mama yako?" Hartog alishangaa. "Huyu ni mdogo kwako."

"Ni mama yangu."

"Sawa. Mama yako ni mwizi. Rudi kwenye pikipiki, tuondoke."

"Tuondoke kwenda wapi?" Ussaqaq alinyoosha mkono kuelekea ufukweni. Kisha akaunyoosha nyuma, walikotoka. Kule nako kulikuwa na mstari mweusi. "Tumekatwa pande zote, Daktari. Tuko juu ya bapa la barafu, na bapa linasafiri."

Hartog alitazama mbele. Akatazama nyuma.

Ndipo wote watatu wakasikia ile sauti.

Ilikuwa pumzi. Pumzi ndefu, nzito, ya mnyama mkubwa. Halafu nyingine. Halafu nyingi kwa pamoja, kama watu waliobanwa kwenye chumba kisicho na dirisha.

Katikati ya bapa kulikuwa na dimbwi la maji meusi, na ndani yake narwali, nyangumi wadogo wenye pembe, walikuwa wanabanana. Migongo ya madoadoa ilipanda na kushuka, na pembe ndefu zilizosokotwa zilichomoza, zikagongana. Barafu ya majira ya baridi ilikuwa imewafungia kutoka kila upande, wakabaki na tundu moja la kuvutia pumzi. Watu wa huko huita hali hiyo sassat. Bahari wazi ilikuwa mbali kuliko pumzi moja ya narwali inavyoweza kufika, na ile mistari myeusi iliyofunguka leo hawakuijua. Wakizama, lazima warudi palepale. Na tundu likiziba, basi.

Saba kati yao walikuwa na vidude vya kijivu mgongoni, vyenye waya mfupi.

Vinasa.

*

Hartog alipiga simu ya setilaiti. Alizungumza maneno machache, akakata.

"Meli yangu inatuma helikopta. Upepo ukipungua kidogo tu." Aliketi juu ya pikipiki ya Ussaqaq, sanduku kati ya miguu, bunduki mapajani. "Nyie wawili kaeni pale. Pamoja."

Wakakaa, migongo kwenye tuta la barafu. Bapa lilikuwa linalia chini yao, mlio wa mlango mzee unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Kila mara pande za mbali zilivunjika, zikaenda zake. Bapa lilikuwa linakuwa dogo. Dimbwi nalo, likibanwa, lilikuwa linakuwa dogo.

"Mnene wako huyu hajui kukaa kwenye barafu," Tukummeq alisema kwa lugha yao. "Angalia, anatoa jasho."

"Usiongee na mimi."

"Umekasirika."

"Kwa nini nisikasirike? Tangu vuli nimefanya kazi na watu hawa. Niliwashikilia wale narwali kwa mikono yangu wakati wanafungwa vinasa. Niliimba ili watulie. Daktari alisema vinapima joto la maji na chumvi, tujue kwa nini samaki wa halibuti wanahama. Halibuti wetu, Mama! Halafu unakuja wewe, unaiba."

"Vinapima kweli."

"Unaona!"

"Ila si kwa ajili ya halibuti. Narwali anazama mpaka chini kabisa, pale ambapo hakuna meli iliyowahi kupima. Anapita kila bonde la bahari hii. Juu kuna maji matamu ya barafu iliyoyeyuka, chini kuna maji ya chumvi yenye joto kidogo, na pale yanapokutana sauti inapinda. Nyambizi ikikaa chini ya tabaka lile, hakuna anayeisikia. Ikijua na mabonde yako wapi, inaweza kuja kulala mlangoni kwetu mwaka mzima. Wapo watu wa mbali wanaolisubiri sanduku hilo kwa hamu, Ussaqaq. Yote waliyopima narwali tangu vuli yamo humo. Ni mengi mno kutumwa kwa simu, ndiyo maana anataka kulibeba mwenyewe."

"Uongo."

"Haya."

"Uongo mtupu."

"Nimesema haya."

"Mnasema nini?" Hartog alifoka.

"Nasema pua yako imeanza kuwa nyeupe," Tukummeq alijibu kwa Kidenishi. "Isugue."

Hartog aliisugua pua. Ussaqaq alijizuia kucheka, akashindwa, akakohoa. Kisha akageukia dimbwi. Narwali mmoja mzee mwenye pembe iliyovunjika nusu alikuwa anaegemeza kichwa juu ya ukingo, macho wazi, anahema.

Tukummeq alihesabu alivyo navyo. Hakuwa na bunduki. Hakuwa na chombo. Alikuwa na simu ya setilaiti ndani ya koti lake la anoraki, na asingeweza kuigusa. Pande zote ni maji, juu ni mbingu ya rangi ya bati, na mwenye silaha alikuwa mmoja tu. Alijiona hana tofauti na wale waliokuwa wanahema dimbwini. Alijilazimisha kuvuta pumzi polepole.

"Daktari," Ussaqaq aliita ghafla. "Hiyo helikopta inachukua watu wangapi?"

Hartog alilibana sanduku kwa magoti.

Na tendo hilo likasema kila kitu.

"Kwanza itanichukua mimi na sanduku. Itarudi kuwachukua ninyi."

"Itarudi."

"Bila shaka itarudi."

Ussaqaq aliangalia barafu chini ya miguu yake. Maisha yake yote alikuwa ameisoma kama wengine wanavyosoma uso wa mke. Alijua bapa litakuwa limevunjika kabla chombo chochote hakijarudi. Na alijua kwamba Hartog naye, kwa kiasi chake, anajua.

Alisimama taratibu, akajikung'uta theluji.

"Helikopta haiwezi kutua hapa," alisema kwa Kidenishi, kwa upole kabisa. "Matuta mengi. Ng'ambo ya dimbwi ni tambarare. Twende nikuoneshe."

Hartog alifikiri. Kisha akaelekeza mtutu kwa Tukummeq. "Wewe utabeba sanduku. Mbele yangu."

Ussaqaq alitangulia. Alipompita Tukummeq, alisema kwa lugha yao bila kugeuza shingo, "Mama, kanyaga ninapokanyaga. Usitoke hata kidole."

Akakanyaga alipokanyaga.

Njia ya Ussaqaq ilikuwa ya ajabu. Ilipinda, ikarudi, ikazunguka sehemu zilizoonekana laini na nzuri kama shuka. Tukummeq alifuata nyayo, sanduku likimvuta mabega, pumzi za narwali zikimrushia matone usoni. Mara moja barafu ilibonyea chini ya kisigino chake. Aliuondoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

Hartog alikuwa mtu wa haraka. Aliona wanazunguka bure, akakata kona.

Kulisikika mlio mdogo tu. Krr.

Akazama hadi makwapani.

Alipiga kelele mara moja, kisha baridi ikamkaba sauti. Bunduki ilimponyoka, ikateleza juu ya barafu laini, ikafika ukingoni, ikaenda. Mikono yake ilitandazwa juu ya barafu, ndevu zimejaa maji.

"Nisaidieni," alinong'ona.

"Nikimwacha je?" Ussaqaq aliuliza. Hakuwa anatania.

"Usimwache. Namhitaji aongee."

Ussaqaq alitupa kamba. Walimvuta wakiwa wamelala vifudifudi, wakamtoa kama sili. Wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunga mikono, wakamviringisha kwenye ngozi ya kulungu wa kaskazini iliyokuwa kwenye pikipiki. Meno yake yaligongana hata akashindwa kutukana.

Tukummeq alitoa simu.

"Shangazi."

"Keki?" Sauti ya Bolette ilikuwa kavu.

"Ninayo."

"Ilete."

"Siwezi. Niko kwenye bapa linaloelekea baharini. Nina mwenye keki na mwanangu."

"Helikopta yao imeshapaa. Yetu iko nyuma yake, mbali kidogo."

"Watafika kwanza?"

"Watafika kwanza."

"Na vinasa?"

"Vikibaki kwa wanyama, watatuma sanduku jingine, wavisome upya. Vivue. Sanduku lina amri ya kuvifungua. Tafuta ufunguo."

Simu ikakatika.

Tukummeq alipiga magoti mbele ya Hartog, akaingiza mkono shingoni mwake, akavuta mkufu. Ufunguo mdogo wa shaba.

"Hujui unachofanya," Hartog alisema huku anatetemeka. "Miaka ya kazi... maarifa ambayo hakuna..."

"Maarifa mazuri," Tukummeq alisema. "Mngetuomba."

*

Ndani ya sanduku kulikuwa na taa saba nyekundu na tundu moja la ufunguo.

Mawimbi ya redio hayapiti kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo ilibidi kumsubiri kila narwali aibuke, mgongo utoke nje, ndipo azungushe ufunguo. Tukummeq alilala ukingoni kwa tumbo, sanduku mbele yake. Ussaqaq alimshika vifundo vya miguu.

"Yule! Upande wa kushoto!"

Ufunguo. Kinasa kilifyatuka mgongoni, kikadunda majini, kikazama. Taa moja ikawa ya kijani.

"Sema samahani," Ussaqaq alimwambia yule narwali. "Hapana, mimi ndiye wa kusema. Samahani, mkubwa."

Wa pili. Wa tatu. Wa nne na wa tano waliibuka pamoja. Vidole vya Tukummeq vilikuwa havihisi chochote, akawa anazungusha ufunguo kwa kiganja. Dimbwi lilizidi kubanwa. Narwali walikuwa wanapandana, pumzi zao zimekuwa fupi, na maji yakiwamwagikia wote wawili yaliganda hapohapo nguoni.

Wa sita.

"Bado yule mzee," Ussaqaq alisema. "Wa pembe iliyovunjika. Simwoni."

Walisubiri. Hakuibuka.

Kutoka upande wa bahari ulikuja mngurumo.

Helikopta nyeupe, chini chini, mlango wazi. Mtu aliyefungwa mkanda alikuwa amekaa mlangoni na bunduki fupi.

"Mama, wamefika."

"Naona."

"Mama, barafu..."

Mlio ulipita chini yao kama radi iliyofungiwa. Bapa lilipasuka. Ufa ulianzia kwenye dimbwi, ukakimbia moja kwa moja kuelekea bahari wazi, maji meusi yakifunguka ndani yake. Narwali waliusikia kabla ya watu. Wakageuka wote, kichwa kimoja nyuma ya kingine, wakaingia kwenye ufa. Yule mzee aliibuka wa mwisho, mbali, kinasa mgongoni, akaenda nao.

Akienda na kinasa, kazi yote imekuwa bure.

Tukummeq aliinuka, akakumbatia sanduku lililo wazi, akakimbia.

Alikimbia kando ya ufa, buti zikiteleza, risasi zikichimba theluji nyuma yake. Aliruka bonge moja, akaanguka, akainuka na damu mdomoni. Majini, kivuli kirefu kilikuwa kinakwenda sambamba naye. Kilimpita.

"Toka," alisema huku anahema. "Toka uvute pumzi, mzee wangu. Mara moja tu."

Risasi ilimchana bega. Hakuhisi.

Mbele yake maji yalivimba. Mgongo wenye madoa ukatoka, pumzi ikaruka juu kama moshi.

Akazungusha ufunguo.

Kinasa kilifyatuka. Taa ya saba ikawa ya kijani, na mzee wa pembe iliyovunjika akainamisha kichwa, akazama kuelekea bahari kubwa.

Helikopta ilimshukia, upepo wake ukimpiga usoni. Mtu wa mlangoni alinyoosha mkono. Lete.

Tukummeq aliinua sanduku juu ya maji, kifuniko kimefunguliwa. Mtu yule aliacha kulenga. Alitikisa kichwa. Hapana, hapana.

Aliliachia.

Lilielea kidogo, kama linafikiri. Kisha likajaa maji, likaenda chini na majira yote ya baridi ya narwali saba.

Helikopta ilibaki inaning'inia. Ng'ambo, Hartog alikuwa amejikongoja akasimama, uchi ndani ya ngozi ya kulungu, akipiga kelele ambazo hazikusikika. Rubani alitazama upande wa kusini. Nukta ya kijivu ilikuwa inakuja. Jeshi la majini.

Helikopta nyeupe iligeuka, ikaondoka.

"Subirini!" Hartog alilia. "Subirini!"

"Watarudi, Daktari," Ussaqaq alisema. "Bila shaka watarudi."

*

Savissivik yote ilitoka kutazama helikopta ya jeshi ikitua nyuma ya duka. Mbwa walibweka mpaka wakakauka sauti. Hartog aliteremshwa kwenye machela, kati ya wanajeshi wawili, akiongea bila kuulizwa. Alikuwa ameanza kutaja majina tangu wakiwa angani.

Ofisa mmoja kijana alitaka Tukummeq akae chini, ashonwe bega, ajibu maswali. Tukummeq alimwambia bega linaweza kusubiri na maswali amuulize Shangazi.

Ussaqaq alikuwa amesimama peke yake ufukweni. Watu walimpita bila kumsalimia, maana habari zilikuwa zimeshafika.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema Tukummeq alipomkaribia. "Leo. Wote wakiwepo. Nitawaambia nani aliwashikilia wale narwali."

"Vizuri."

"Watanicheka maisha yangu yote."

"Watakucheka mpaka majira ya joto. Halafu watapata mwingine."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. Alimtazama kwa macho ya mtoto aliyekosea, mzee yule mwenye mvi.

"Mama. Kule kwenye barafu, nilipokuambia ukanyage ninapokanyaga. Ulijuaje kwamba sikupeleki wewe kwenye barafu laini?"

Tukummeq alifunga zipu ya anoraki, akavuta kofia juu ya masikio.

"Sikujua," alisema.

Akaingiza mikono mifukoni, akapanda mteremko kuelekea nyumbani, bila kugeuka nyuma.